Kabla ya Kopo Zuri, Maneno ya Kweli

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na mbolea. Nataka tuzungumze kuhusu kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la krimu ya alovera na mafuta ya nazi, gramu 100. Lilitengenezwa na familia moja ya Mbagala, wilayani Temeke, ambayo nimeifahamu kwa miaka kadhaa. Mama ndiye anayepika na kuchanganya. Mabinti zake wawili wanajaza na kufunga. Mdogo wao wa kiume anachora lebo kwenye simu, kisha anapanda daladala kwenda kuzichapisha Kariakoo. Lebo ilikuwa nzuri kuliko nyingi ninazoziona madukani: rangi ya kijani, jani la alovera, na maneno makubwa, "Oganiki asilimia 100. Haina kemikali kabisa."

Mteja mmoja, mama wa mtoto wa miezi minne, alilirudisha. Alipolifungua mbele yetu, ndani ya mfuniko kulikuwa na ukungu wa kijivu, kama ule wa mkate uliosahaulika kabatini. Alikuwa ameshampaka mtoto mara mbili kabla hajauona. Mtoto alitoka vipele shingoni na kwapani.

Alipelekwa zahanati na akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi sijalisahau lile kopo, kwa sababu mwalimu wa krimu ile nilikuwa mimi. Ni mimi niliyewaonyesha namna ya kukamua alovera na kuichanganya na mafuta, katika mafunzo ya siku mbili ya kuongeza thamani ya mazao. Niliwafundisha kuchuja, kuchanganya na kupanga bei. Sikuwafundisha kwamba maji ya alovera yanaharibika upesi kama maziwa mabichi. Wao nao wakaandika "haina kemikali" wakiamini wanasema kweli, na wakaona ni sifa.

Familia ile si matapeli. Ingekuwa ya matapeli nisingeandika. Hao wana ofisi zao zinazowashughulikia. Naandika kwa ajili yako wewe unayetengeneza vizuri nyumbani kwako Chamazi au Bunju, wewe unayelima minazi Mkuranga, na wewe mwenye duka kijijini unayepokea katoni na kuziweka rafuni kwa kuamini maneno ya juu.

Msimamo wangu ni huu. Pesa ya kwanza ya biashara ya vipodozi vya asili isiende kwenye kopo la kupendeza. Iende kwenye kuhakikisha kwamba kila neno lililo juu ya kopo ni la kweli. Na neno ambalo huwezi kulithibitisha lifute, hata kama ndilo linalouza. Najua wapo watakaonuna. Twende taratibu.

"Haina kemikali" ni neno la hatari

Tuanze na hili kwa sababu ndilo lililomtoa mtoto vipele. Ukungu na bakteria wanahitaji maji ili waishi. Mafuta matupu ya nazi, ya ubuyu au ya mlonge hayana maji, kwa hiyo hayaoti ukungu kirahisi. Adui wa mafuta ni mwanga, hewa na joto, vitu vinavyoyafanya yachache na kutoa harufu mbaya. Lakini ukishaweka ndani yake maji ya alovera, chai ya mchaichai, maji ya waridi au hata maji safi ya kunywa, umewaandalia bakteria chakula na makazi. Hapo krimu inahitaji kihifadhi kinachoruhusiwa kwenye vipodozi, kwa kipimo sahihi. Bila kihifadhi, krimu hiyo ni ya kutengenezwa kidogo, kukaa kwenye friji na kutumika kwa siku chache. Si ya kukaa rafuni miezi mitatu kwenye joto la Dar es Salaam.

Wengi huniambia, "Mimi naweka vitamini E." Ndugu yangu, vitamini E inasaidia mafuta yasichache haraka. Haizuii ukungu. Tone mbili za mafuta ya karafuu nazo zinatia harufu nzuri, lakini haziwezi kulinda kopo zima.

Na sabuni? Kila sabuni ya mche imetengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. Bibi zetu walitumia maji ya majivu, ambayo nayo yalifanya kazi ileile. Kostiki ikipimwa sawasawa na sabuni ikaachwa ikomae wiki nne hadi sita, kostiki yote inakuwa imegeuka sabuni na haiunguzi ngozi. Hilo ni jambo la kujivunia na kueleza, si la kuficha. Anayeandika "sabuni isiyo na kemikali" ama hajui alichopika, ama anatumaini mteja hajui.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: anza na bidhaa zisizo na maji. Mafuta matupu, mafuta mazito yenye nta ya nyuki, sabuni ya mche. Krimu na losheni ziache mpaka upate mafunzo ya mtaalamu, si ya afisa ugani wa siku mbili.

"Oganiki" ni neno la shambani

Watu wengi wanadhani oganiki maana yake ni "kitu cha mti". La. Oganiki, au kilimohai kama tunavyoita kwa lugha yetu, ni namna shamba lilivyolimwa: bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya viwandani, kwa kutunza udongo na kuweka kumbukumbu. Mwaka 2007, hapahapa Dar es Salaam, ilizinduliwa kanuni ya kilimohai ya Afrika Mashariki pamoja na alama yake ya Kilimohai, inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa upande wetu chombo cha kukimbilia ni TOAM, vuguvugu la kilimohai Tanzania. Kanuni ile inahusu mazao ya shamba, mifugo, nyuki, mazao yanayokusanywa porini na usindikaji wake. Ina maana kwamba mafuta yako ya nazi yanaweza kuwa ya kilimohai. Sabuni nzima, yenye kostiki na rangi na manukato ya kununua, haigeuki kuwa oganiki asilimia 100 kwa sababu tu kuna nazi ndani.

Sasa jiulize: nazi ulizokamua wiki iliyopita zilitoka wapi? Kama ulizinunua sokoni Tandika kwa mtu uliyemkuta, hujui. Inawezekana kabisa ni nazi safi, kwa maana minazi mingi ya wakulima wadogo haijawahi kuona dawa. Lakini "inawezekana" si kitu cha kuandika kwenye lebo. Na alovera iliyoota kando ya mtaro wa maji machafu nayo haikupigwa dawa yoyote. Utaipaka mwanao?

Cheti cha kampuni ya ukaguzi ni gharama kubwa kwa mtu mmoja, nakubali. Ndiyo maana kuna utaratibu wa wakulima kukaguana wao kwa wao kwa kanuni zinazojulikana, katika vikundi, ambao TOAM imekuwa ikiusimamia. Mkulima wa Mkuranga au Kisarawe mwenye minazi ishirini anaweza kuingia huko na wenzake. Hata kabla ya kufika huko, kuna hatua ya bure: daftari. Andika tarehe uliyovuna, shamba lipi, umeweka nini na umepiga nini. Kama ulipiga dawa kwenye mikorosho iliyo jirani na minazi, andika. Mfanyabiashara anayetaka kweli utaitafuta thamani ya daftari lako, na siku moja litakuuzia kuliko mdomo wako.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya bahari. Kilimo cha mwani cha biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na kwa miaka mingi mwani mkavu uliondoka kwa magunia kwenda viwanda vya nje kwa bei ndogo. Baadaye vikundi vya wanawake, kikiwemo cha Kidichi, vilianza kuusaga na kuutia kwenye sabuni, kwa msaada wa mpango wa kuendeleza mwani ulioongozwa na mtafiti Dk. Flower Msuya. Sabuni ile inapoandikwa "mwani wa Zanzibar", mnunuzi anaweza kwenda ufukweni maji yakitoka na kuwaona kina mama wakivuna. Huko Paje wageni hutembezwa mashambani kabisa. Huo ndio ushahidi ninaouzungumzia. Neno lililo kwenye kifungashio lina mahali unapoweza kulifuata kwa miguu.

Basi badala ya "oganiki asilimia 100", andika unachojua: "Mafuta ya nazi kutoka kwa wakulima wa Mkuranga, yaliyokamuliwa bila kuchemshwa." Ni maneno marefu kidogo, lakini akija mtu kuuliza, una mahali pa kumpeleka.

Kifungashio kifanye kazi yake

Kazi ya kifungashio ni kulinda kilichomo, kueleza kilichomo na kufika salama. Urembo unakuja wa nne.

Mafuta yanataka chupa ya rangi, ya kahawia ikiwezekana, iliyojazwa mpaka karibu na shingo ili hewa iwe kidogo. Kioo ni kizuri lakini ni kizito, na kwenye bodaboda ya barabara ya vumbi kinavunjika. Plastiki safi, mpya, iliyokusudiwa kwa vipodozi au chakula, si dhambi. Mwambie pia mteja wako kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Hapa Temeke ni maji, lakini ukituma Njombe mwezi wa saba yatafika magumu meupe, na mteja atasema umechakachua. Mstari mmoja kwenye lebo unaondoa ugomvi huo.

Krimu, kwa wale walioshapata mafunzo, ikae kwenye chupa ya kubonyeza au tyubu kuliko kopo la mdomo mpana, kwa sababu kila kidole kinachoingia kinapeleka uchafu.

Sabuni inataka karatasi, na karatasi tu, baada ya kukauka. Ukiifunga kwenye nailoni ikiwa mbichi inatoa jasho na kubadilika rangi. Na hapa kuna jambo la uaminifu ambalo wengi hawalitazami: sabuni inapungua uzito inapokauka. Ukipima gramu 100 siku ya kukata na kuandika gramu 100, mteja wa mwezi wa tatu anapata pungufu. Pima baada ya kukomaa, ndipo uandike. Wakala wa Vipimo wanahusika na bidhaa zilizofungashwa pia, si mizani ya nyama peke yake.

Chupa za kuokota? Hapana. Chupa iliyowahi kubeba dawa ya mbu au mafuta ya taa huwezi kuisafisha ukawa na uhakika. Lakini chupa zako mwenyewe, zinazorudishwa na mteja unayemjua, ukaziosha kwa maji ya moto na sabuni, ukazikausha kabisa na kujaza mafuta tena kwa bei pungufu, hilo ni jambo zuri kwa mfuko wake na kwa mitaro yetu. Anita Roddick alipofungua duka lake dogo la The Body Shop kule Brighton, Uingereza, mwaka 1976, alijaza upya chupa za wateja kwa sababu hakuwa na pesa ya kununua chupa za kutosha. Baadaye duka lile lilikuwa kampuni ya dunia nzima, likauzwa kwa L'Oréal mwaka 2006, na njiani likakosolewa hadharani kwamba maneno yake matamu yalizidi matendo. Yote mawili yachukue: ufukara unaweza kuzaa wazo jema, na jina kubwa halimsamehe mtu maneno aliyoandika.

Mifuko ya plastiki unajua ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usimfungie mteja kwenye rambo halafu ukajiita rafiki wa mazingira. Na yale makopo yenye kuta nene, yanayoonekana ya gramu 100 kumbe ndani yanaingia 50, yaache huko Kariakoo. Kisheria unaweza ukawa umeandika "gramu 50" kwa maandishi madogo. Lakini unajua kwa nini ulilichagua, na mteja akifika nyumbani atajua pia.

Hesabu ya chupa moja

Hebu tupige hesabu ya mfano. Weka bei zako mwenyewe mahali pa hizi. Chupa ya mafuta ya nazi ya mililita 100 inauzwa Tsh 8,000. Nazi moja na nusu hivi zimetumika, kwa Tsh 500 kila moja: 750 kwa mkulima. Chupa ya kioo na mfuniko, 1,500. Boksi la karatasi ngumu, 500. Lebo, 300. Kazi na nishati, 1,000. Faida ya mwenye duka, 2,000. Jumla 6,050, unabaki na 1,950.

Tazama vizuri. Chupa, boksi na lebo zimechukua 2,300. Mkulima aliyengoja mnazi uzae kwa miaka amechukua 750. Nguo za mafuta zimelipwa mara tatu ya mafuta yenyewe, na sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda kwa chupa iliyoletwa na meli.

Sisemi uuze kwenye mfuko wa karatasi. Nasema ondoa boksi, kwa maana mteja analitupa mlangoni. Zile 500, mpe mkulima Tsh 100 zaidi kwa kila nazi, yaani 150 kwa chupa, kwa masharti kwamba anakuwekea daftari na kukuletea nazi zilizokomaa. Zinabaki 350. Ziweke kwenye bahasha ya vipimo. Ukiuza chupa 300 una Tsh 105,000 ambayo haikutoka mfukoni mwako. Bei kwa mteja haijapanda hata shilingi.

Nikiwauliza wajasiriamali kwa nini hawajapima bidhaa, jibu ni moja: hakuna pesa. Nikiwauliza boksi limegharimu kiasi gani, wananitajia bila kuangalia daftari.

Kipodozi si dawa, na weupe si afya

Tangu Julai 2019 usajili na udhibiti wa vipodozi uko TBS. Zamani ulikuwa TFDA, ambayo sasa ni TMDA na inabaki na dawa na vifaa tiba. Fika TBS Ubungo, au pitia SIDO, kwa Dar es Salaam wapo Vingunguti, na uulize kuhusu unafuu wa ada kwa wajasiriamali wadogo. Nenda kabla hujajenga soko kubwa, usisubiri waje.

Ukiandika "inatibu fangasi, ukurutu na chunusi sugu", umetoka kwenye kipodozi na kuingia kwenye dawa. Huko kuna TMDA na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na watakutaka ushahidi. Kipodozi kinalainisha, kinasafisha, kinanukia. Inatosha. Mtu mwenye ukurutu akikuuliza, mwambie aende kituo cha afya. Ukimuuzia chupa tatu mfululizo huku ugonjwa unaendelea, umekula pesa ya matibabu yake.

Tahadhari nyingine ni ndimu na limau. Juisi yake ikipakwa kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani inaweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Ni ya asili kabisa, imetoka mtini asubuhi hiyo, na inaunguza. "Asili" haina maana ya "salama".

Na kuna neno "inang'arisha", pamoja na picha ya dada mweupe kuliko mtu yeyote wa mtaa wako. Unajua mteja anaelewa nini. Tumewaona wenzetu walioharibiwa ngozi na mkorogo, na vitu kama zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Wewe hujaviweka, najua. Lakini ukiuza kwa ahadi ileile ya weupe, unawatengenezea soko wale walioviweka, kwa maana krimu yako haitamfanya mtu mweupe, na akichoka kusubiri atakwenda kwao.

Watu wa nyumbani nao ni watu

Biashara ya familia ina uzuri wake: mnaaminiana, mnalala karibu na mzigo, hakuna mshahara wa mlinzi. Lakini ina siri zake. Nimeshaingia kwenye nyumba ambako mpishi mkuu wa sabuni ni mtoto wa dada aliyeletwa kutoka kijijini "kusaidia". Anakoroga kostiki bila glovu wala miwani, mvuke unamwingia, na mwisho wa mwezi anapewa vocha ya simu. Juu ya lebo imeandikwa "Imetengenezwa kwa upendo."

Kama huwezi kumlipa mshahara kamili, kaeni mkubaliane: anapata kiasi gani kwa kila sabuni 100, anajifunza nini, na lini ataanza yake. Liandikeni. Glovu, miwani na barakoa ni gharama ndogo kuliko jicho. Kostiki ifungiwe mbali na watoto, isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Imwagwe kwenye maji, si maji juu yake. Sufuria ya aluminiamu isitumike, kwa sababu kostiki inaila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu. Vyombo vya sabuni visirudi jikoni kupikia wali.

Jina la biashara nalo, mlisajili kwa nani? Mama akichoka kesho, mabinti wana haki gani? Nendeni BRELA mkiwa mnapendana.

Lebo ninayoipendekeza

Chukua karatasi, andika haya kwa Kiswahili kinachosomeka bila miwani:

1. Jina la bidhaa na kazi yake, bila tiba.
2. Viungo vyote, kuanzia kilicho kingi. Kihifadhi na manukato ya kununua pia.
3. Uzito au ujazo halisi.
4. Tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.
5. Namba ya bechi.
6. Jina lako, mtaa, wilaya na simu inayopokelewa.
7. Namna ya kutumia na tahadhari: jaribu kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku moja, ndipo upake mwili mzima.
8. Mazao yametoka wapi.

Ile mistari myeusi ya msimbomilia utaihitaji ukiingia supamaketi. Namba ikianza na 620, imetolewa na GS1 Tanzania. Haisemi lolote kuhusu usalama wa bidhaa, kwa hiyo mwenye duka usiridhike nayo.

Namba tano kwenye orodha ndiyo iliyoiumiza familia ya Mbagala. Kopo la ukungu liliporudi, hawakuwa na namba ya bechi, hivyo hawakujua limetoka kwenye mpiko gani. Walikuwa wamepika mara tatu mwezi ule na makopo 140 yalikuwa nje, Rangi Tatu, Chamazi na Tandika. Mama akasema yarudi yote. Mabinti walizunguka siku nne. Yalirudi 97, na kila mteja alirudishiwa pesa yake, sehemu yake ikiwa mkopo wa vikoba. Makopo 43 hawakuyapata. Kwa muda mrefu mama yule alikuwa akishtuka simu ikiita. Kama kila kopo lingekuwa na namba, wangetafuta theluthi tu ya mzigo, na wangekuwa na namba ya kuwatangazia watu.

"Lakini ukweli hauuzi"

Haya ndiyo maneno ninayoambiwa kila mara, na mwenye kuyasema si mjinga. Jirani ameandika "oganiki", wewe umeandika "mafuta ya nazi ya Mkuranga", mteja anachukua la jirani. Inatokea. Familia ile sasa inauza mafuta na sabuni tu, na neno oganiki wameliondoa mpaka mkulima wao aingie kwenye kikundi cha kukaguana. Duka moja liliacha kuchukua mzigo wao kwa sababu hiyo hiyo. Mauzo ya miezi ya mwanzo yalishuka, na siwezi kukudanganya kwamba yamerudi yote.

Ila mimi sioni njia nyingine. Viwanda vikubwa vina matangazo ya televisheni. Wewe una mtaa unaokujua jina. Mtu anayenunua kwako anakuja kwa sababu anaweza kukugongea mlango. Ukimdanganya, umebaki kuwa kiwanda kidogo kisicho na maabara.

Kwa hiyo, mwenye duka, kabla ya kupokea katoni nyingine, uliza mambo matatu: imetengenezwa lini, mpiko wa ngapi, na mazao yametoka kwa nani. Mkulima, anza daftari kwenye mavuno yajayo. Na wewe mtengenezaji, leo jioni shika kopo lako moja, kaa na familia, msome lebo kwa sauti neno kwa neno. Kila neno, mmoja wenu aseme atalithibitishaje. Mkikwama, chukueni kalamu mlikate kabla hamjachapisha nyingine.

Na kama uliwahi kufundishwa krimu ya alovera na mimi, tafadhali njoo ofisini kata. Nina somo nililolisahau.